Maswali ya wasomaji: menyu ya saiti imejaa folda ndani ya folda, watu hawaoni wanachotafuta

Toleo hili nimekusanya maswali yanayohusu kitu kimoja, ile menyu ya pembeni kwenye saiti za maelekezo ya kazi. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ofisi nyingi za utalii hapa Arusha zina shida hiyohiyo, mengine nimeyapitia kwa ufupi.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nipo Sakina, nafanya kampuni ya utalii upande wa kompyuta. Bosi aliniambia nitengeneze saiti ya ndani ya maelekezo, yaani rizavesheni, operesheni, madereva, wapishi wa kambini, kila mtu asome humo badala ya kuulizauliza kwenye grupu la WhatsApp. Nimetumia MkDocs, ile programu inayogeuza mafaili ya maandishi kuwa saiti, na ile themu (muonekano) ya Material, mafaili nikayapanga vizuri kwenye folda kufuata idara. Sasa menyu inatisha. Mfano ukitaka ada za Tarangire unafungua Operesheni, afu Hifadhi, afu TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), afu Kanda ya Kaskazini, afu Tarangire, ndo unakuta Ada. Watu wanakata tamaa wanarudi kuuliza kwenye grupu. Nihamishe folda zote upya au nibadilishe programu kabisa? *Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Mdogo wangu, usihamishe folda hata moja kwanza, na programu iache ilivyo. Ulichopanga kwenye diski kinafaa kwa kazi yake. Shida ni kwamba umemwachia MkDocs akutengenezee menyu mwenyewe, na yeye akiachiwa anaisoma tu folda ya docs kama alivyoikuta: kila folda inageuka kichwa kwenye menyu, folda ndani ya folda inakuwa kichwa ndani ya kichwa, jina la kichwa analitoa kwenye jina la folda kwa kuondoa vile vistari, afu anapanga kwa alfabeti, isipokuwa index.md ndo anaitanguliza. Kwa hiyo dada wa rizavesheni akifungua saiti anaonyeshwa diski yako ilivyo, na diski yako yeye haimhusu.

Haya mambo mawili tenganisha, na natamani kila anayetengeneza saiti za namna hii alishike hilo kabla ya kitu kingine chochote. Folda ni za wewe unayeandika, ujue faili lipo wapi na nani analisimamia. Menyu ni ya yule anayesoma akiwa na haraka na mgeni yuko kwenye simu anasubiri. Mama anayeuza sokoni Kilombero stoo magunia anayalundika jinsi lori lilivyoshusha, lakini mezani anapanga jinsi mteja anavyonunua, nyanya karibu na vitunguu, na hakuna mteja anayeambiwa aende stoo akajitafutie.

Kwenye MkDocs hiyo meza inaitwa nav, unaiandika kwa mkono ndani ya mkdocs.yml, na ukishaiandika ile menyu ya kujitengeneza inaacha kutumika. Uzuri wake ni kwamba faili linaweza kuwa limezama folda sita chini huko na bado kwenye menyu likakaa ngazi ya pili, kwa sababu nav inataka kuambiwa njia ya faili tu, kina chake haikijali. Mfano:

```
nav:
  - Mwanzo: index.md
  - Kabla mgeni hajafika:
      - Kuingiza bukingi mpya: rizavesheni/bukingi/mpya.md
      - Ada za Tarangire: operesheni/hifadhi/tanapa/kaskazini/tarangire/ada.md
      - Ada za Ngorongoro: operesheni/hifadhi/ncaa/ada.md
  - Gari likiwa barabarani:
      - Kupita Loduare na Naabi: madereva/mageti/serengeti.md
      - Gari likiharibika: madereva/dharura/gari.md
```

Hakuna faili lililohama hapo, lakini ada za Tarangire zilizokuwa ngazi ya sita sasa zipo ya pili. Mwanzo wa mistari tumia spesi, kitufe cha Tab usikiguse, YAML, yaani mtindo ambao faili hilo linaandikwa, haikubali Tab na saiti itagoma kujengwa. Na kama unaogopa kwamba ukurasa usioutaja kwenye nav utapotea, haupotei, unajengwa kama kawaida na kwenye kutafuta unaonekana, ila tu kwenye menyu haupo, na MkDocs wakati wa kujenga anakuandikia orodha ya kurasa zilizopo ambazo hazimo kwenye nav. Hiyo orodha uwe unaisoma kila mara.

Sasa tuje kwenye lenyewe hasa, nini kikae chini ya nini. Wewe umepanga kwa idara na taasisi. Chukua safari ya kawaida kabisa ya Serengeti kutokea Arusha: gari linapita geti la Loduare, hapo unaingia Ngorongoro, na Ngorongoro haipo chini ya TANAPA, ina mamlaka yake yenyewe, NCAA. Afu linaenda mpaka Naabi, hapo ndo TANAPA. Safari ni moja, dereva ni mmoja, lakini kwenye folda zako maelezo yake yamekaa kwenye matawi mawili ambayo hayakutani mpaka huko juu kabisa. Mtu mpya akiitafuta Ngorongoro ndani ya TANAPA hataipata hata akikaa kutwa, na wala hajakosea, watu wengi tu wanaiita hifadhi kama nyingine. Folda yako inamjibu nani anamiliki, wakati yeye alitaka kujua gari linapita wapi na malipo yanafanyika wapi. Kwa hiyo ningekuwa wewe vichwa vya juu ningevitoa kwenye mwendo wa kazi yenyewe: mgeni anaulizia bei, mgeni amekubali, kabla hajafika, gari likiwa barabarani, mgeni ameondoka. Karibu kila mfanyakazi wa kampuni ya utalii anajua yupo kwenye hatua gani kati ya hizo hata kama hajui kazi fulani ni ya idara ipi.

Ngazi ngapi? Mimi nasimamia mbili, ikizidi sana tatu. Sababu kubwa ni simu. Kwenye skrini pana ya laptopu ngazi tano zinavumilika kidogo ingawa maneno yanasukumwa kulia mpaka yanakatika mistari miwili mitatu, lakini kwenye simu Material inafungua kila ngazi kama skrini yake mpya, kwa hiyo dereva aliyesimama Mto wa Mbu anagusa, inateleza, anagusa, inateleza, akikosea ngazi moja arudi nyuma aanze tena, na hapo mtandao wenyewe unasuasua. Usichukue ukubwa wa mwisho ambao programu inaruhusu ukafanya ndo lengo. VitePress kwa mfano, programu nyingine ya kutengeneza saiti, inaonyesha mpaka ngazi 6 na zinazozidi hapo haizionyeshi, lakini 6 ni nyingi mno kwa binadamu anayetafuta kitu kimoja.

Ukitaka kujua ngazi gani ifutwe jiulize hivi, mtu akifika hapa anachagua kati ya nini na nini? Kama kampuni yenu inauza kaskazini tu, ile ngazi ya "Kanda ya Kaskazini" haimpi mtu uchaguzi wowote, hakuna kanda nyingine pembeni yake, ni mguso wa bure. Hivyohivyo folda yenye ukurasa mmoja tu ndani, ipandishe ukurasa ufute kichwa. Ila usiende kinyume chake ukamwaga kurasa sitini kwenye orodha moja bila vichwa, hapo utakuwa umetoka shimoni umeingia porini.

Majina nayo yana kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. "Operesheni" ni neno la bosi na la kwenye mkataba, mpishi wa kambini halimwambii kitu. "Gari likiharibika" hata aliyeanza kazi jana anaelewa. Neno muhimu liwe mwanzoni, maana macho yanashuka na upande wa kushoto wa menyu, ukiandika "Maelekezo kuhusu ada za Tarangire", "Maelekezo kuhusu ada za Manyara" na kuendelea, yote yanaonekana sawa mpaka mtu asome mwisho. Na kichwa cha "Mengineyo" tafadhali usiwe nacho kabisa, kinageuka kapu la kila kitu ambacho mwandishi hakutaka kukifikiria, na mtu hawezi kujua kitu chake kimo humo mpaka akifungue.

Material ina vitu vitatu vya kuwasha ambavyo ningeviangalia. navigation.sections inafanya vichwa vya juu vikae wazi kama mafungu, havikunjiki, kwa saiti ya saizi yako naona inafaa. navigation.expand inafungua kila kitu, mimi siipendi kwa sababu menyu inakuwa ndefu na mtu anaanza kusogeza badala ya kusoma. navigation.indexes ndo naipenda kuliko zote, inakuruhusu kichwa chenyewe kiwe na ukurasa wake, yaani unaweka index.md ya fungu, mtu akigusa "Kabla mgeni hajafika" anakuta sentensi mbili za kueleza humu ndani mna nini pamoja na linki za vinavyoulizwa zaidi. Inamwokoa yule ambaye hajui hata jina la anachokitafuta.

Kabla hujaweka hewani, fanya kazi ya karatasi. Andika jina la kila ukurasa kwenye kikaratasi chake, waite madereva na watu wa rizavesheni mmoja mmoja, mwambie apange mafungu anavyoona yeye na ayape majina, wewe nyamaza. Jakob Nielsen, yule mtaalamu wa matumizi ya saiti, mwaka 2004 alipendekeza watu 15 kwa zoezi hili, lakini kwa ofisi ndogo hata sita watakuonyesha mengi. Ukishapata menyu, fanya kinyume chake: waonyeshe vichwa tu, uliza "mgeni kaumwa usiku Karatu, ungegusa wapi?" afu angalia kidole kinaenda wapi. Wakienda wengi sehemu isiyo sahihi, ukurasa uhamie hukohuko wanakoenda wao.

Mwisho kwa upande wako, kuhusu kuhamisha folda zenyewe. Kwenye MkDocs anwani ya ukurasa inafuata folda, kwa hiyo ukihamisha faili anwani inabadilika, na zile linki ambazo watu walishazitunza kwenye WhatsApp zote zinakufa siku hiyo. Ndo maana nimekwambia anza na nav, maana nav haigusi anwani. Ikibidi kuhamisha kweli, weka ile plagini (kiprogramu cha kuongezea) ya mkdocs-redirects, unaiandikia njia ya zamani na njia mpya, na anayefungua ya zamani anapelekwa kwenye mpya. Usije ukahamisha bila hiyo, wafanyakazi wakikutana na ukurasa uliokufa mara mbili hawarudi tena kwenye saiti na kazi yako yote itakuwa imekwenda bure.

SWALI: Hujambo mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Machame, nasaidia AMCOS yetu ya kahawa, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Kijana mmoja alitutengenezea saiti kwa programu iitwayo Docusaurus akaondoka zake, sasa mimi ndiye ninayeandika maelekezo ya wakulima. Nina shida mbili. Kurasa zinajipanga zenyewe hovyo. Na pia niliweka folda kwa miaka, 2023, 2024, 2025, kila kitu cha mwaka kimo humo, wanachama wanasoma masharti ya zamani wakidhani ndiyo yanayotumika. *Mama wa Machame, Moshi*

JIBU: Shikamoo mama. Nimefurahi mno kuona wewe ndo umeishika hiyo kazi.

Hazijipangi hovyo mama, zinafuata alfabeti. Usipoiambia vinginevyo Docusaurus inasoma majina ya mafaili kwa herufi, na alfabeti haijui kahawa. Tazama kinachotokea: Kuchachusha, Kukausha, Kukoboa, Kumenya, Kuosha, Kuvuna, Mnada. Mkulima anaanza kuchachusha buni ambayo hajaivuna, anakoboa kabla ya kumenya, na kuvuna kunakuja karibu na mwisho. Wewe unataka iende kama msimu unavyokwenda, kuvuna, kumenya, kuchachusha, kuosha, kukausha, halafu kukoboa kiwandani hapo Moshi mjini, halafu mnada. Mambo yenye hatua yapangwe kwa hatua. Alfabeti waachie orodha ambazo mtu anakuja akiwa tayari na jina mdomoni, mfano orodha ya magonjwa ya mibuni au ya vijiji.

Namna ya kufanya ni rahisi, badilisha jina la faili litangulizwe na namba, 01-kuvuna.md, 02-kumenya.md, 03-kuchachusha.md na kuendelea. Docusaurus inaitumia namba kupanga halafu inaiondoa, kwa hiyo haionekani kwenye menyu wala kwenye anwani ya ukurasa, hata kesho ukiongeza hatua katikati na kubadilisha namba, linki walizonazo wakulima zinaendelea kufanya kazi. Folda nazo zinakubali namba hivyohivyo. Andika 01 na 02 badala ya 1 na 2, kwa sababu kuna programu nyingine zinazolinganisha herufi kwa herufi na hizo zitaiweka 10 mbele ya 2, bora uzoee mapema. Kama hupendi namba kwenye jina la faili, juu kabisa ya ukurasa unaweza kuandika sidebar_position na namba yake. Kwa folda unaweka ndani yake kifaili kidogo kiitwacho _category_.json, humo unaandika label, yaani jina unalotaka lionekane kwenye menyu, na position, yaani nafasi yake.

La miaka ndilo linalonipa wasiwasi zaidi mama, maana mwanachama anaweza akabisha kwenye mkutano mkuu kwa masharti yaliyokwisha kubadilishwa, na karatasi anayo mkononi kaichapisha kwenye saiti yenu. Mwaka usiwe folda ya juu. Mwanachama haji kutafuta 2024, anakuja kutafuta masharti ya chama, utaratibu wa malipo, bei ya msimu. Kila kimoja cha hivyo kiwe na ukurasa mmoja unaosema kinachotumika leo, kwa anwani ileile mwaka nenda mwaka rudi, wewe unabadilisha maandishi ya ndani tu, na juu yake uandike yalipitishwa lini. Yale ya zamani yasifutwe, kumbukumbu za chama zina thamani yake, yatengenezee folda moja inaitwa Kumbukumbu, iwe ya mwisho kabisa kwenye menyu na iwe imekunjwa, humo ndani sasa ndo miaka ikae. Na kila ukurasa wa humo uanze na mstari mmoja mnene: haya ni ya zamani, yanayotumika yapo hapa, na linki.

SWALI: Broo natumia Hugo kutengeneza saiti. Niliweka index.md kwenye folda ya "mwongozo" ili kichwa kiwe na ukurasa wake, ghafla kurasa zote nyingine za folda hiyo zimepotea kwenye menyu na hata nikifungua anwani zake hazipo. Sijafuta kitu. *Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Badilisha jina liwe _index.md, na kistari cha chini mbele, afu jenga upya, zitarudi zote. Kwenye Hugo hayo majina mawili ni vitu viwili tofauti kabisa. Folda ikiwa na index.md inahesabiwa kwamba folda nzima ni ukurasa mmoja, na mafaili mengine yaliyomo ni vifaa vya ukurasa huo kama picha zilivyo, kwa hiyo hayajengwi kama kurasa. Ikiwa na _index.md inakuwa fungu lenye kurasa ndani yake. Inawapata sana waliotoka kwenye programu nyingine ambako index.md ndo sahihi. Na ukianza kupanga kwa weight, ile namba ya uzito unayoupa ukurasa, kumbuka nyepesi inakaa juu, nzito inashuka chini, anza na 10, 20, 30 ili ubaki na nafasi za kuchomeka katikati, na usiandike 0 maana Hugo inaichukulia kama hujaandika kitu.

SWALI: Kwenye laptopu yangu ya Windows linki zote za menyu zinafanya kazi, nikipandisha kwenye seva nusu zinasema ukurasa haupo. *Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Herufi kubwa na ndogo. Windows inaona Malipo na malipo ni folda moja, seva nyingi ni Linux na yenyewe inaona ni mbili. Folda zote na mafaili yote yawe herufi ndogo, bila spesi, tumia kistari, maana spesi kwenye anwani inageuka %20 na linki inakuwa mbaya hata kuisoma. Kama unatumia Git, ile programu ya kutunza mabadiliko ya mafaili, kubadilisha herufi tu kwenye Windows mara nyingi haioni kwamba kuna kilichobadilika, tumia git mv kwanza kwenda jina lingine la muda, afu git mv tena kuja kwenye jina unalolitaka.

SWALI: Kaka hivi ni kweli menyu haitakiwi kuzidi vitu saba? Mwalimu wetu chuoni anakata maksi. *Mwanafunzi, Tengeru*

JIBU: Hiyo namba ilitoka kwa mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956, alikuwa anazungumzia vitu vingapi mtu anaweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi. Menyu huishiki kichwani, ipo mbele ya macho yako muda wote. Kwa hiyo vichwa tisa vinavyoeleweka ni bora kuliko saba ambavyo viwili vimebebeshwa mambo yasiyohusiana ili tu namba itimie. Mweleze mwalimu kwa heshima, mwonyeshe menyu yako na mwombe atafute kitu fulani humo, aone mwenyewe anakipata kwa haraka gani.

SWALI: Habari kaka, mimi ni dada naendesha ofisi ndogo ya kupandisha wageni mlima, tupo Moshi mjini. Saiti yetu ya waongoza wageni na wapagazi nimeiweka folda kwa ruti: Marangu, Machame, Lemosho, Umbwe, Rongai. Sasa maelezo ya kushuka Mweka yanatakiwa Machame, yanatakiwa Lemosho, yanatakiwa Umbwe. Nimekopi mara tatu. Juzi nimebadilisha taarifa za kushukia nikasahau moja, mwongozaji akasoma ya zamani. Nifanyeje? Natumia Docusaurus. *Dada wa Moshi mjini*

JIBU: Dada, hizo kopi mbili futa leo, usisubiri. Kwenye mlima taarifa iliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kukosa taarifa, anayekosa atauliza, aliyesoma ya zamani hatauliza.

Kilichokuponza ni kwamba folda inalazimisha kitu kikae sehemu moja tu, na kushuka kwenyewe sio kwa ruti moja. Kupanda kunagawanyika, kushuka kunaungana: wa Machame, Lemosho na Umbwe wote wanatokea Mweka, wa Rongai anashukia Marangu, wa Marangu anarudi alikopita. Kwa hiyo menyu nayo ifuate mlima. Tengeneza kichwa kimoja "Kupanda", ndani yake ruti tano, na kichwa kingine "Kushuka", ndani yake kurasa mbili tu, Mweka na Marangu. Halafu mwisho wa kila ukurasa wa ruti, pale maelezo ya siku ya kilele yanapoishia, weka linki inayosema wazi "Kushuka kwa Mweka, soma hapa". Mwongozaji wa Lemosho anasoma kwa mfuatano, akifika hapo anagusa anaendelea, hatajali kwamba faili lipo folda nyingine. Zile anwani za kopi ulizofuta zielekeze kwenye ukurasa mmoja uliobaki, Docusaurus ina plagini yake ya redairekti, maana kuna mwongozaji ameshaitunza linki ya zamani kwenye simu.

Kuna vitu vifupi ambavyo kweli vinatakiwa vionekane kila ukurasa bila mtu kugusa linki, namba za uokoaji, dalili za ugonjwa wa kimo, nani apigiwe kwanza. Hivyo viandike kwenye faili moja ambalo jina lake linaanza na kistari cha chini, mfano _dharura.mdx. Docusaurus haiigeuzi faili la namna hiyo kuwa ukurasa, haitatokea kwenye menyu, ila unaweza kuliita ndani ya kurasa zote tano kwa mstari mmoja wa import na mwingine wa kulionyesha. Namba ikibadilika unabadilisha faili moja, unajenga saiti, tano zote zimebadilika.

Na kwa kuwa hawa watu wako wanasoma wakiwa njiani, kuna sehemu mtandao hamna kabisa, ukurasa wa Mweka na hiyo dharura vichapishwe pia kwenye karatasi vikae kwenye begi la kiongozi wa msafara, na chini ya karatasi iandikwe tarehe ya kuchapishwa ili ajue kama ni ya zamani.